Dawa ya kupuliza puani (flutikasoni) kwa aleji ya vumbi: uzoefu wangu

Jamani wenye aleji wenzangu, hii dawa inafanya kazi na bado naitumia, ila kuna mambo ya puani ambayo pale famasi nilikonunua hakuna aliyeniambia. Mie nipo Dodoma, miezi ya upepo vumbi ni balaa, asubuhi chafya mfululizo, macho yanawasha, usiku nalala mdomo wazi kwa sababu pua zote zimeziba.

Kwanza ujue haifanyi kazi papo hapo, hii ni stiroidi, inashusha uvimbe polepole na nguvu yake unaweza kuiona baada ya siku kadhaa au hata wiki mbili, na unapuliza kila siku sio mpaka pua izibe. Wengi wanaitupa mapema wanasema feki.

Sasa madhara. Pua inakauka, inachoma kidogo, kuna harufu kama ya maua halafu dawa inashuka kooni unabaki na uchungu mdomoni. Kichwa kiliuma mwanzoni kikaacha. Kilichonitisha ni damu, napenga kamasi nakuta michirizi myekundu, kuna siku yakawa matone kabisa. Daktari wa masikio, pua na koo akamulika akasema ukuta wa katikati umechubuka, na kwamba kutoka damu ni kati ya madhara yanayotokea sana kwa hizi dawa. Akanipumzisha kidogo, nikawa nasafisha kwa maji ya chumvi ya famasi, kisha akanielekeza: inamisha kichwa mbele kidogo, tundu la kushoto tumia mkono wa kulia na la kulia mkono wa kushoto, ncha ielekee upande wa sikio isigonge katikati, na vuta pumzi taratibu sio kama mtu anavuta ugoro. Toka hapo damu naiona kwa nadra sana.

Mwenye presha ya macho au mtoto wa jicho amwambie daktari kabla. Na anayetumia ARV zenye ritonaviri tafadhali sana asijinunulie hii, ritonaviri inazuia ini kuivunja flutikasoni, stiroidi inajaa mwilini mpaka uso unavimba na sukari inaweza kupanda. Zipo nyingine, aulize.

Halafu msiichanganye na zile za kuzibua chapchap za oksimetazolini, zile ndani ya dakika chache unapumua, lakini ukizitumia zaidi ya siku chache pua inazoea, ukiacha inaziba kuliko mwanzo na unajikuta huwezi kulala bila kichupa. Someni jina la dawa kwenye boksi, chupa zinafanana mno.

Damu ikigoma kukata hata baada ya kubana pua dakika kumi na tano, nenda hospitali usisubiri. Mie sasa napuliza mara moja kila tundu asubuhi, daktari alipunguza kutoka mara mbili, na usiku nalala mdomo umefungwa.