Koseti yangu ya vyuma: kazi iko kwenye kitambaa

Kabla hujatazama urembo wa koseti, lile vazi la kubana kiuno kwa kamba, igeuze uone ndani. Niliyonayo sasa imeshonwa kwa vipimo vyangu. Kabla yake nilivaa ya satini yenye mbavu za plastiki, yaani vijiti vya kuisimamisha. Kwenye picha zote mbili zilipendeza. Mwilini hazikukaribiana hata kidogo.

Ile ya satini ilikuwa inavutika. Ukikaza kamba, kinachotanuka ni kitambaa, kiuno kinabaki palepale. Plastiki nazo zikipata joto la mwili zikalegea, zikajipinda kiunoni na hazikunyooka tena, hadi ncha zikawa zinanichoma chini ya matiti.

Ya sasa ni ya kutili, kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana sana, nyuzi zikipishana kwa mtindo wa miiba ya samaki. Kivute kwa urefu, kivute kwa upana, hakikubali. Ndipo nilipoona kwamba kinachobana kiuno ni kitambaa na ukataji wake. Vyuma vinazuia tu kitambaa kisijikunje. Wanunuzi wengi huuliza kwanza kuna vyuma vingapi. Mimi ningeuliza vipande vimekatwaje. Yangu ina vipande sita kila upande, vyembamba kiunoni, vipana kifuani na nyongani. Nyonga zimeachiwa nafasi yake, ndiyo maana hainikati mfupani hata nikikaa muda mrefu.

Ndani, kiunoni, umeshonewa utepe wa pamba usiovutika. Kwa nje hauonekani, lakini ndio unaobeba mvuto wote. Usipokuwepo, mishono ndiyo inayoumia.

Mbavuni fundi ameweka vyuma vya kusokotwa, vinavyokubali kupinda mbele na pembeni, kwa hiyo nageuka bila shida. Mgongoni, kandokando ya matundu ya kamba, ameweka vyuma bapa, maana pale panatakiwa pakae wima. Matundu yana pete za chuma zenye ukingo mpana. Zamani, kabla pete hizi hazijaanza kutumika miaka ya 1820, matundu yalizungushiwa uzi kwa mkono, na kamba ikivutwa kwa nguvu kitambaa kilichanika. Pete zenye ukingo mwembamba hurudisha shida hiyohiyo: zinang'oka, kisha tundu linapanuka. Zikague moja moja.

Ina usumbufu wake. Joto lipo, na kwa kuwa mbele kuna bamba gumu, kuinama kufunga viatu ni shughuli. Mwanzoni ilegeze, uivae kwa saa chache tu, mpaka kitambaa na mwili vizoeane. Ukisikia ganzi, maumivu au pumzi inakata, fungua papo hapo. Na umbo hilo unalo ukiwa umeivaa. Ukiivua mwili unarudi ulivyokuwa. Muuzaji anayedai koseti inayeyusha mafuta anakudanganya, na naona ni vibaya sana kuwauzia watu ahadi ya namna hiyo.

Yangu siifui kwa mashine. Navaa fulana nyepesi ya pamba ndani yake, nikiivua naianika kivulini ipigwe na hewa. Na wakati wa kuvua, legeza kwanza kamba za mgongoni ndipo ufungue vishikizo vya mbele. Ukivifungua kamba zikiwa zimekazwa, bamba la mbele hupinda, na likishapinda halikai sawa tena.