Warsha ya jamvini au kongamano la ukumbini?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina njia zote mbili. Mlimani, Kigoda cha Mwalimu Nyerere, nafasi ya uprofesa iliyoanzishwa 2008, huwaita watu Ukumbi wa Nkrumah kujadili Umajumui wa Afrika, yaani umoja wa Waafrika. Mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka, alizungumza hapo 2009. Mamia husikia hoja moja, na mwananchi anaweza kumuuliza profesa ana kwa ana. Ila maikrofoni haimfikii kila mtu.

Unguja, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hichohicho imefanya kazi na wakulima wa mwani, wengi wao wanawake. Hapa warsha inaishinda hotuba kwa mbali. Cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina ya spinosum, hufa maji ya kina kifupi yakizidi joto. Mama anayefunga mbegu kwenye kamba anajua msimu gani shamba liliharibika; mtafiti anajua kupima joto. Wakikaa jamvi moja, wote wawili wanafundishwa.

Suala la katiba au ardhi lipelekwe ukumbini, mbele ya kadamnasi. La mwani nachagua jamvi, tena warsha ipangwe siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, maana wakati wa bamvua, inapokupwa mbali, akina mama wako shambani.