Kichujio cha sponji katika tangi la uduvi na sikilidi wanaotaga

Kichujio ninachokizungumzia ni kile cha sponji mbili kinachoendeshwa na pampu ya hewa, ambacho boksi lake linaahidi kuwa ni salama kwa uduvi na vifaranga vya samaki. Nimekitumia katika tangi lenye mimea mingi, wanamoishi uduvi wekundu aina ya Neocaridina davidi pamoja na jozi ya Apistogramma cacatuoides, samaki wadogo wa jamii ya sikilidi wanaotaga mapangoni. Maji ya nyuzi 25 hadi 26 yamewafaa wote.

Kwa upande wa kichujio chenyewe, ahadi hiyo ni ya kweli. Mapovu yanayopanda bombani huyavuta maji taratibu kupitia sponji, hivyo hakuna tundu linaloweza kumnyonya kifaranga, na bakteria waliojikita ndani yake huigeuza amonia kuwa nitriti na hatimaye nitrati. Juu ya sponji hujengeka utando laini wa vijidudu, na hapo ndipo uduvi wanaposhinda, vikucha vyao vya mbele vikipishana kuelekea kinywani bila kupumzika. Hata vifaranga, mama yao anapowapitisha, husimama kudonoa.

Hata hivyo, sponji kuwavutia uduvi hivyo kuna gharama yake, na boksi halisemi lolote kuihusu. Jike wa sikilidi anayelea mayai au vifaranga hugeuka manjano yaliyokolea, akawa mkali kupita umbo lake, na uduvi yeyote anayesogelea pango hupigwa au hung'olewa miguu. Mayai yakikosa mlinzi, uduvi nao huyala. Kwa kuwa kichujio hukusanya uduvi, kukiweka jirani na pango ni kuchochea ugomvi. Kwangu kimekaa pembe iliyo mbali kabisa na pango, kikizungukwa na fungu nene la mosi ya Java (mmea laini wa majini), na mpango huo umepunguza purukushani kuliko jambo lingine lolote. Uduvi wachanga, ambao huanguliwa wakiwa na urefu wa takriban milimita 2 tu, huokolewa na mosi hiyo wala si na sponji. Wengi bado huliwa, na anayetaka kuzalisha uduvi kwa wingi awatengee tangi lao.

Kusafisha ni rahisi: sponji moja hukamuliwa ndani ya maji yaliyotolewa tangini, si ya bomba yenye klorini, na nyingine huachwa hadi zamu yake ili bakteria wasipotee wote kwa mpigo. Vibandiko vya kushikia kiooni ni dhaifu na havistahili kusifiwa. Vali ya kuzuia maji yasirudi haimo kwenye boksi, nami naiona ni kasoro kubwa zaidi, kwa sababu pampu iliyowekwa chini ya usawa wa maji inaweza kuingiwa na maji umeme ukikatika.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Anayelisha mimea yake kwa gesi ya kaboni dioksidi atafute kichujio cha aina nyingine na kukivisha sponji mdomoni, kwani mapovu haya huutikisa uso wa maji na kuifukuza gesi hiyo kabla mimea haijafaidika nayo.