Jezi Namba 37 ya Patrice Bergeron: Imara Mgongoni, Dhaifu Kifuani

Jezi ninayoieleza hapa ni nyeusi, ya timu ya hoki ya barafuni ya Boston Bruins, yenye jina la Patrice Bergeron na namba 37 mgongoni, pamoja na herufi C ya nahodha upande wa kushoto wa kifua. Nimeivaa msimu mzima na nimeifua kwa mkono mara nyingi, kwa hiyo siisifu wala siikosoi kwa kuitazama tu.

Muuzaji alinishauri nichukue ya mfungaji mabao, kwa kuwa ndizo zinazotoka haraka. Sikumlaumu, maana hata kwenye soka jezi ya namba sita mkabaji hubaki rafuni. Bergeron alicheza nafasi ya mshambuliaji wa kati, lakini kazi iliyomjengea jina ilikuwa ya ukabaji: kurudi hadi karibu na goli lake kuwasaidia mabeki, kuweka gongo kwenye njia ya pasi kabla haijapigwa, kushinda paki (kile kisahani kigumu kinachochezewa badala ya mpira) inapoangushwa kati ya wachezaji wawili, na kulinda goli timu inapokuwa pungufu mtu mmoja. Kazi hiyo ina tuzo yake, ya Frank J. Selke, ambayo Bob Gainey wa Montreal aliichukua mara nne mfululizo tangu ilipoanzishwa mwaka 1978. Bergeron aliichukua mara sita, ya mwisho mwaka 2023, na hakuna mwingine aliyefika hapo.

Asidhaniwe kuwa hakujua kufunga. Katika mechi 1,294 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, zote akiwa na Boston tangu alipoanza mwaka 2003 akiwa na miaka 18, alifunga mabao 427. Katika mechi ya saba ya fainali ya 2011 kule Vancouver, ambayo Boston ilishinda 4-0 na kutwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi hiyo, alifunga mawili, na moja kati ya hayo lilipatikana timu yake ikiwa pungufu, yaani wakati ambao wengine huridhika kuondosha hatari tu.

Sasa nirudi kwenye jezi. Kitambaa ni kizito, hakijapauka, na namba za mgongoni zimeshonwa tabaka juu ya tabaka, si za kubandikwa kwa moto, kwa hiyo hazijabanduka hata pembeni. Kwa ndani, upande wa mgongo, kuna mkanda mfupi wenye kifungo ambao mchezaji huufunga kwenye suruali ili mpinzani asimvute jezi ikamfunika kichwa wakati wa ugomvi. Kwa mtazamaji wa jukwaani mkanda huo hauna kazi, nami nilifikiria kuukata, kisha nikauacha kwa sababu ndio unaoifanya nguo hii ifanane na ya uwanjani. Na uwanjani si mahali pa mchezo: katika fainali ya 2013 dhidi ya Chicago, Bergeron alimaliza mechi ya sita akiwa na ubavu uliovunjika na bega lililoteguka, kisha akalazwa hospitalini, ambako alikutwa na pafu lililotoboka.

Kasoro iko kwenye ile herufi C. Mshono wake wa chini ulianza kufumuka baada ya kufuliwa mara tatu, na duka, ambalo sitalitaja, lilikataa kuirekebisha kwa madai kwamba herufi hiyo huongezwa baada ya jezi kutoka kiwandani. Jibu hilo halikuniridhisha, kwani nililipia jezi yenye C, na Bergeron mwenyewe aliisubiri hadi Januari 2021, baada ya nahodha aliyemtangulia, Zdeno Chara, kuondoka. Nilimpelekea fundi cherehani, akaishona upya kwa uzi mweusi, na tangu hapo haijafumuka.

Kuhusu saizi, jezi hizi hukatwa pana ili zivaliwe juu ya vikinga mabega. Anayevaa shati la kawaida la L achukue ndogo kwa hatua moja, isipokuwa kama anakusudia kuvaa sweta ndani.