TAHADHARI: TV boksi za "lipa mara moja, tazama bure milele" zinakuja na virusi tangu kiwandani

Ndugu zangu, kabla hujanunua, au hujamnunulia mzazi wako, ile TV boksi ndogo nyeusi yenye chapa ambayo hakuna anayeijua, inayotangazwa kwamba ukishalipa mara moja basi mpira, filamu na tamthilia zote ni bure, soma kwanza haya. Naandika nikiwa na hasira. Muuzaji aliyemuuzia mama yangu mdogo bado ameweka tangazo lile lile, na kila anayelalamika anajibiwa "ireseti tu".

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo, na karatasi hiyo peke yake ilitosha kumfichua. Inakwambia ufungue Google Play, uingie sehemu ya Play Protect, yaani mlinzi wa Google anayekagua programu hatari, uzime ukaguzi huo. Kisha uruhusu programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Kisha upakue duka lao wenyewe kwa anwani iliyochapwa hapo, ndipo chaneli zitokee. Mama mdogo alifuata hatua moja baada ya nyingine, na hana kosa lolote: ukinunua kifaa, unafuata maelekezo yaliyokuja nacho. Ila fikiria muuzaji anayekutaka uzime mlinzi kabla bidhaa yake haijaanza kufanya kazi. Anajua mlinzi angeona nini.

Picha zilionekana vizuri kabisa, na hapo ndipo watu wengi wananaswa. Matatizo yalianzia kwenye vifaa vingine vya nyumba ile. Intaneti ikawa nzito. Kila akitafuta kitu kwenye simu, tovuti inamtaka athibitishe kwamba yeye si roboti, achague picha zenye taa za barabarani, na akimaliza anaulizwa tena. Baadaye kampuni inayompa intaneti ikamtumia taarifa kwamba laini yake inatumika kujaribu kuingia kwenye akaunti za watu wengine. Mama wa watu, ambaye nywila ya barua pepe yake mwenyewe ameiandika kwenye daftari!

Nilifungua ukurasa wa ruta, sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa na kiasi cha data ambacho kila kimoja kinatumia. TV ilikuwa imezimwa. Boksi, ambayo kwa rimoti nayo ilikuwa "imezimwa", ilikuwa inapakia data kwenda nje mfululizo. Kifaa cha kutazamia filamu kazi yake ni kupokea. Kikituma kwa wingi wakati hakuna mtu mbele yake, jua kina kazi nyingine. Nilipoichomoa kwenye umeme, maswali ya roboti yakapungua, kisha yakaisha.

Kazi hiyo nyingine inajulikana, na haikuanzia kwa mama mdogo. Januari 2023, Daniel Milisic, mtaalamu wa Kanada, alieleza hadharani jinsi boksi aina ya T95 aliyoinunua Amazon ilivyokuja na programu hasidi ndani ya mfumo wake, ikiwasiliana na seva za nje pasipo mwenyewe kuigusa. Oktoba mwaka huo kampuni ya usalama ya Human Security ikachapisha uchunguzi kuhusu mtandao mzima wa vifaa vya namna hiyo, ikauita Badbox. Desemba 2024, BSI, mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, ilikata mawasiliano ya vifaa vipatavyo 30,000 nchini humo, zikiwemo fremu za picha za kidijitali, kwa hiyo msidhani ni TV boksi peke yake. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kwa umma, na mwezi uliofuata Google ikafungua kesi New York ikisema mtandao huo, katika toleo lake la pili, umeteka zaidi ya vifaa milioni 10.

Wanachofanya ni kukodisha laini yako. Mhalifu aliye mbali anayetaka kujaribu nywila zilizoibwa, kufungua akaunti feki au kubofya matangazo kwa udanganyifu anapita kwenye boksi iliyo sebuleni kwako. Anakoingia inaonekana anwani ya IP ya nyumba yako, yaani namba inayoitambulisha laini yako kwenye intaneti, nyumba ya kawaida ya watu wa kawaida, kwa hiyo mifumo ya ulinzi inamwamini. Lawama zinakuja kwako. Na kwa kuwa boksi iko ndani ya waifai yako, imekaa mtandao mmoja na simu unayotumia kufanyia miamala ya benki.

Sasa hili la kureseti, maana ndilo linalowapotezea watu muda. Nilipomwandikia muuzaji, kwa adabu na picha za ushahidi, alisema ni kawaida, boksi zote ziko hivyo. Nilipokazia akasema nireseti. Nikamweleza kwa nini haisaidii, akanibloku. Kureseti kunafuta ulichoweka wewe na kuirudisha boksi ilivyotoka kiwandani. Kama virusi viliwekwa kwenye mfumo wenyewe kabla haijafungwa kwenye pakiti, "ilivyotoka kiwandani" maana yake ni pamoja na virusi. Ni sawa na kubadilisha kitasa cha mlango huku mwizi yumo chumbani. Programu ya kuondoa virusi nayo haifui dafu hapo, kwa sababu haina ruhusa ya kugusa sehemu hiyo ya mfumo.

Mtazijuaje? Tangazo lenyewe linasema mengi: "imefunguliwa", "hakuna malipo ya mwezi", chaneli za kulipia zikitolewa bure. Sifa zimekuzwa kupita kiasi. Ya mama mdogo iliandikwa Android 13 kwenye pakiti na hata kwenye menyu yake, lakini nilipoweka programu ya kusoma taarifa za kifaa ikaonyesha Android 10, na memori pungufu ya iliyotajwa. Nyota nyingi za wateja zisiwatulize. Mteja anatoa nyota siku picha zinapotoka vizuri, wala hajui kinachoendelea usiku.

Kipimo ninachokitegemea zaidi ni hiki: fungua Google Play kwenye boksi, nenda kwenye mipangilio, kisha sehemu ya maelezo, utafute uthibitisho wa Play Protect. Kifaa halali kitaandika kwamba kimethibitishwa. Nyingi ya boksi hizi zinatumia Android ya wazi ambayo kiwanda chochote kinaweza kuichukua na kuibandika sura ya TV, jambo ambalo si sawa na kuwa na Android TV yenyewe. Google inachapisha orodha ya kampuni washirika wa Android TV. Chapa isipokuwemo, mimi siinunui, iwe rahisi namna gani.

Kama tayari iko nyumbani, ichomoe kwenye umeme. Usiishie kuizima kwa rimoti. Kisha chukua kifaa kingine, simu au kompyuta unayoiamini, ingia kwenye akaunti yako ya Google, fungua sehemu ya usalama inayoorodhesha vifaa vyako, uiondoe boksi hapo. Badilisha nywila ya akaunti hiyo na ya kila huduma uliyoingia kupitia boksi ile, uwashe uthibitisho wa hatua mbili (ule unaodai hatua ya pili, kama msimbo, baada ya nywila), halafu ubadilishe na nywila ya waifai. Usibadilishe nywila yoyote ukitumia boksi yenyewe.

Unapodai fedha zako, piga picha karatasi ya maelekezo, hasa pale inapokutaka uzime Play Protect. Usimlalamikie muuzaji peke yake, pitia pia kwenye mfumo wa malalamiko wa soko la mtandaoni ulikonunulia, maana huko muuzaji hawezi kukubloku. Mama mdogo alirudishiwa fedha kwa njia hiyo, baada ya muuzaji kugoma kabisa.

Na tafadhali, boksi ukishaijua usimpe jirani, usimuuzie mtu kwa bei ya kutupa, usiipeleke kwa wazee "maana wao wanaangalia taarifa ya habari tu". Ipeleke wanakokusanya taka za kielektroniki. Kama uliwahi kumpa mtu moja kama zawadi, mpigie leo umwambie aichomoe.