Ziara ya dubu Katmai: mwongozaji aliyemdanganya binti yangu

Nilikuwa nimepanga kuipa kampuni hii ya ziara nyota nne. Kila nikikumbuka yaliyotokea zinapungua, kwa hiyo msishangae mkifika mwisho mkakuta hesabu nyingine.

Tulikwenda mimi na binti yangu wa darasa la nne, ziara ya siku moja kwenda maporomoko ya maji ya Brooks Falls, ndani ya hifadhi ya Katmai huko Alaska. Ilikuwa Julai, samoni wanapanda mto. Bei, ratiba na aina ya ndege iliyotutua ziwani mtavikuta kwenye tangazo lao. Rubani ni mtu mstaarabu na kazi yake anaijua. Aliyetuharibia siku ni mwongozaji.

Mtoto wangu hakwenda kutazama dubu akidaka samaki. Hilo ameshaliona kwenye video mpaka limekwisha utamu. Alitaka kuona wanavyokua. Amelisoma jambo hili hadi akanisomesha na mimi: kwamba dubu wa kahawia hupandana mwanzoni mwa kiangazi, lakini mimba haijishikizi tumboni mpaka majira ya vuli, na mama asipokuwa na mafuta ya kutosha mwilini, haiendelei. Watoto wanazaliwa Januari au Februari, shimoni, theluji ikiwa juu yao. Macho yamefumba, meno hakuna, manyoya haba, na uzito ni kama pakiti ya nusu kilo ya sukari. Mama hali wala hanywi, na bado ananyonyesha maziwa mazito kwa mafuta. Halafu dume mkubwa wa Katmai ikifika vuli anapita kilo 400! Mtoto akishalijua hilo, maswali hayaishi, nami nililipa pesa nzuri ili apate mtu wa kumjibu.

Kwenye jukwaa la chini, karibu na mdomo wa mto, alitokea jike na watoto wawili wa mwaka ule. Mmoja bado alikuwa na ule ukanda mweupe shingoni ambao watoto wengi huwa nao na baadaye hufifia. Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu. Mwongozaji akatazama saa: "Dubu ni dubu. Twendeni kwenye maporomoko, picha ziko kule."

Kabla hatujasogea, dume akaja kando ya mto. Mama akasimama kwa miguu ya nyuma, akatoa pumzi kwa kishindo, watoto wakatimua mbio wakapanda mti. Binti yangu akauliza kwa nini wamekimbia. Yule bwana akacheka: "Huyo ni baba yao, amekuja kuwasalimia."

Nikamwambia kwa upole kwamba dume hana sehemu katika malezi, na kwamba anaweza kuwaua. Akanijibu mbele ya kundi zima: "Mwongozaji ni wewe au mimi?"

Sikumjibu, kwa sababu ya mtoto. Lakini mtu anayepeleka watu mto ule kila msimu hawezi kusema hajui. Julai 2024, hapohapo Brooks Falls, watoto wa jike anayeitwa Grazer walisombwa na maji wakaanguka chini ya maporomoko, na dume aitwaye Chunk akawavamia. Mama alipigana naye, lakini mmoja wa watoto akafa. Kamera za mto zilirusha tukio lile moja kwa moja. Jike akipoteza watoto anaweza kuwa tayari kupandwa tena mapema, na hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa ya madume kuua. Unamwambiaje mtoto kuwa yule ni baba anasalimia?

Aliyetuokoa ni mhifadhi wa kike aliyekuwa zamu jukwaani. Alimsikiliza binti yangu mpaka mwisho, kisha akamwonyesha dubu wawili ng'ambo ya mto ambao kundi letu liliwapita bila kuwatazama. Walikuwa wembamba, miguu mirefu, wanatembea wakigusana. Akasema hao huenda ni ndugu, wamefukuzwa na mama yao karibuni, maana akimaliza kama miaka miwili na nusu na watoto wake, anarudi kutafuta dume na hawataki tena karibu. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Sehemu nzuri za kuvulia zina wenyewe, na vijana wale wanafukuzwa kila wanakosogea. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka mitano hivi, na dume anaendelea kuongezeka mwili mpaka anakaribia miaka kumi. Yaani wale wawili bado wana safari ndefu. Niliwatazama nikashindwa kuondoka, na mwongozaji anapiga makofi tuharakishe.

Muda mfupi tuliopewa kwenye jukwaa la maporomoko siwalaumu. Hiyo ni sheria ya hifadhi watu wanapokuwa wengi. Na labda yule bwana alikuwa amechoka. Nilitaka kuwaachia nyota tatu kwa ajili hiyo. Lakini mtu aliyechoka hukaa kimya, hamtungii mtoto uongo wala hamdhalilishi mzazi wake mbele ya watu.

Niliwaandikia ofisini. Sikuomba pesa. Niliomba wamwandikie binti yangu mistari michache, wamwambie kwamba aliyoyasoma ni kweli. Walijibu baada ya muda, wakaniahidi punguzo la bei kwa safari ijayo, na barua ya mtoto hawakuigusa kabisa.

Katmai nendeni, tena nendeni na watoto, na mkifika waulizeni wahifadhi. Kampuni hii naipa nyota moja, na punguzo lao sitalitumia.