Nani Kakata Klipu? Tovuti za Televisheni ya Zamani ya Uingereza Kwenye Mizani

Karibuni tena, wadau. Leo sina simu mpya mezani, sina spika, na najua kuna wenzangu wameshaanza kuguna. Vumilieni. Leo tunapima tovuti za mashabiki wanaohifadhi vile vipande vya televisheni ya Uingereza ambavyo havimo ndani ya kipindi chochote: nembo inayozunguka kabla kipindi hakijaanza, saa ya kwenye skrini, mtangazaji anayekwambia kinachofuata, picha ya majaribio, wimbo wa taifa usiku wakati kituo kinafunga. Nimezipekua hizi tovuti mpaka macho yamekuwa mekundu, na kuna jambo moja limenikera kiasi kwamba nisipolisema leo sitalala.

Idadi ya kurasa na rangi ya menyu sitagusa, hayo mtajionea wenyewe. Jambo la kujua ni hili: hivi vitu vimetoka wapi? Maana watu huniuliza, "Si BBC wanavyo?" Hapana bwana! Kituo kilikuwa kinahifadhi vipindi, tena hata vipindi vyenyewe vingi vilifutwa ili kanda itumike upya. Mtangazaji wa katikati alikuwa anaongea moja kwa moja hewani, akimaliza sentensi ndiyo imekwenda. Aliyeiokoa ni mtu aliyekuwa sebuleni, ametega deki yake arekodi filamu, akabonyeza mapema kidogo. Zile dakika mbili kabla ya filamu, ambazo yeye aliziona takataka, leo ndizo mali. Filamu yenyewe hatuna shida nayo, ipo kila mahali.

Haya, tuanze na TV Ark. Hawa wanajiita makumbusho ya televisheni ya mtandaoni, na jina linawafaa. Ukitaka ITV ya zamani, mtandao wa televisheni ya kibiashara ulioshindana na BBC, ilivyokuwa imegawanywa kimaeneo, pale kuna raha. Vijana mnaofuatilia hapa huenda hamjui kwamba ITV haikuwa kampuni moja. Granada kaskazini magharibi, Yorkshire kwao, Anglia mashariki na yule shujaa wao wa fedha juu ya farasi, anayezunguka taratibu kwa muziki wa Handel. Kila mmoja na nembo yake, na sauti yake. Tarehe 28 Oktoba 2002 majina hayo yakafunikwa na ITV1 kote England na Wales, mchezo ukaisha. Kwa kupita jimbo hadi jimbo, TV Ark naipa alama za juu. Nilikuwa hata nimeshapanga kuitangaza mshindi mapema niende zangu.

Halafu kuna Transdiffusion. Hao ni wazee wa kazi, walianza mwaka 1964, intaneti yenyewe haijazaliwa. Ukienda pale kwa klipu tu utaona kama wanakuchelewesha, maana kuna kusoma. Makala ndefu, kurasa za magazeti ya ratiba, hadithi za kampuni zilizokufa. Mimi ni mtu wa kubonyeza na kutazama, lakini nilijikuta nasoma kuhusu kampuni ya televisheni iliyofungwa kabla sijazaliwa mpaka chai imepoa. Kwa hiyo msiichukulie kama mshindani wa hizo nyingine, iko kivyake.

Na The TV Room, hapo ni kwa wapenzi wa BBC. Ukitaka kufuata nembo za BBC One hatua kwa hatua, utafurahi. Na hapa ngoja niwape kipimo changu, kiandikeni. Ukiingia tovuti yoyote ya aina hii, fungua kwanza dunia ya BBC1, yaani ile nembo ya kituo, tufe la dunia linalozunguka. Kabla ya Februari 1985 ile dunia ilikuwa kitu halisi, kimodeli kinachozungushwa na mota, nyuma yake kioo kilichopinda, mbele yake kamera ya picha nyeusi na nyeupe, na rangi inaongezwa kwa umeme baadaye. Tarehe 18 Februari 1985 ikaja ya kompyuta, bahari za buluu unazoweza kuona ng'ambo yake, mabara ya dhahabu. Mkilinganisha hizo mbili kwenye skrini moja mtashangaa, ya mota ina uhai fulani hivi, inatikisika kidogo.

Sasa, kipimo: je, dunia ni duara? Nacheka lakini sitanii. Kuna tovuti moja, jina naliacha, dunia yake imenenepa mbavuni. Mtu amechukua picha ya televisheni ya zamani, upana nne kwa kimo tatu, akaivuta ijaze skrini ya leo. Ameona mistari myeusi pembeni ni aibu! Mistari myeusi ndiyo uaminifu wenyewe, iacheni. Tovuti hiyohiyo, nikaja nikafungua nembo ya kwanza ya Channel 4, ile ya vipande vya rangi vinavyoruka na kujipanga kuwa namba 4, kazi ya mbunifu Martin Lambie-Nairn, iliyoanza na kituo chenyewe tarehe 2 Novemba 1982. Sitisha katikati ya kuruka, uone. Kingo zote zimekuwa meno ya kitana. Hiyo ni kwa sababu picha ya zamani ilikuja nusu kwa nusu, mara hamsini kwa sekunde, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu, na huyu bwana amezibandika pamoja hivihivi bila kuzitenganisha. Ule mwendo laini umekufa.

Lakini hiyo siyo kero yangu kubwa. Kero yangu kubwa ni mkasi.

Sogeeni hapa kwenye skrini. Ni Ijumaa jioni, London, miaka ya 80. Chaneli ya ITV mjini pale ilikuwa na wenyewe wawili: Thames wanashika kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa jioni, LWT (London Weekend Television) wanashika wikendi. Namba ileile kwenye rimoti, ila studio mbalimbali, watangazaji mbalimbali, na wanagombea matangazo ya biashara ya mji uleule. Kila Ijumaa kuna sekunde chache za kukabidhiana. Mimi hizo sekunde ndizo ninazozitafuta.

Klipu ya kwanza, kutoka tovuti nisiyoitaja. Nabonyeza. Mistari ya rangi inaingia, inajikunja, inakuwa herufi L, W, T. Muziki. Imekwisha. Narudia tena ili msiseme nimewaficha kitu... mistari, herufi, muziki, imekwisha. Safi, imesafishwa, rangi nzuri, hata chembe ya vumbi hakuna. Unaweza kuiweka kwenye fremu.

Klipu ya pili, tukio la aina hiyohiyo. Nabonyeza. Angalieni, tuko bado Thames. Mtangazaji yupo mbele ya kamera, shati lake, maua mezani, anawatakia watu wikendi njema na anasema wataonana Jumatatu. Anamaliza, anabaki anatabasamu. Anaendelea kutabasamu. Bado! Kamera haijakatwa, maskini. Halafu nembo ya Thames. Halafu, sikilizeni vizuri, naongeza sauti, skrini nyeusi. Kuna mvumo wa kanda tu. Picha inaruka, kuna mstari mweupe unapita chini, kisha ndiyo inakuja mistari yetu ya LWT, na sauti ya mtu mwingine kabisa, mchangamfu, kama vile wale wa kwanza hawajawahi kuwepo. Hakuna aliyemtaja mwenzake!

Ile nyeusi pale katikati ni kampuni moja inaachia mtambo na nyingine inashika. Ushindani wote wa ITV ya London uko ndani ya lile giza. Na yule wa klipu ya kwanza amelikata kwa sababu "halina kitu". Nimerudisha mara ngapi hii klipu ya pili sijui, naipenda kuliko vipindi vingi.

Na kufunga matangazo usiku ni vilevile. BBC1 ilikuwa inafunga hadi Novemba 1997, wakati chaneli ya habari ya saa 24 ilipoanza na kuchukua usiku wake. Klipu iliyokatwa inakupa saa na wimbo wa taifa. Isiyokatwa inakupa mtangazaji anayetaja hali ya hewa ya kesho kwa sauti ya mtu aliyechoka na anayejua wanaomsikiliza ni wachache, saa inatembea, wimbo, kisha kimya, kisha ukumbusho wa kuzima televisheni kabla ya kulala. Ukikaa na hiyo kwa dakika nne nzima gizani unaelewa kwa nini watu wazima na akili zao wanakusanya haya mambo.

Kwa hiyo ile alama ya juu niliyotaka kuigawa mapema, nimeanza kuigawa upya. Wingi wa klipu haunibabaishi tena. Naangalia nani ameacha kipande kizima, na ameandika nini chini yake. Tarehe, jimbo, kipindi kilichotangulia. Maana kuna watu wanabandika mwaka kwa kukisia! Nimekuta klipu ya ile dunia ya BBC1 ya Lambie-Nairn imeandikwa "1989". Haiwezekani. Ile ilianza tarehe 16 Februari 1991, siku moja na zile namba 2 maarufu za BBC2. Ukiwa na shaka, usiangalie nembo, subiri mwisho wa kipindi kilichotangulia: BBC walikuwa wanaandika mwaka kwa namba za Kirumi. MCMLXXXV ni 1985. Lakini unazionaje hizo kama mtu ameshapitisha mkasi kabla ya hapo? Mnaona? Kila kitu kinarudi kwenye mkasi.

Tangazo dogo. Alhamisi nitakuwa mubashara, tutatazama pamoja usiku wa mwisho wa Thames, tarehe 31 Desemba 1992, walipoondoka hewani na kampuni ya Carlton kushika nafasi yao saa sita usiku ile. Thames walishindwa kwenye mnada wa leseni wa 1991, pamoja na kampuni nyingine za ITV: TVS, TSW na TV-am. Njooni na maji ya kunywa, mimi huwa naongea sana. Na wale mliolalamika kuhusu maikrofoni, nimesikia, hii ni mpya. Bado inakwaruza kidogo kwenye "s", najua.

Bei? Kutazama ni bure kote nilikotaja. Anayeumia ni mwenye kanda. Deki nzuri, yenye kifaa cha kutuliza picha ndani yake, bei inapanda tu, na haitashuka: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Tangu hapo kila inayokufa haina mrithi. Mtu akikuomba mchango mdogo wa kulipia seva, msimwone mroho.

Mtaniuliza, kwa nini tusiende tu kwenye majukwaa makubwa ya video? Nendeni, hata mimi naenda. Utafutaji wake ni mwepesi zaidi, hilo lazima niseme. Ila wimbo wa filamu ukisikika sekunde tano mwisho wa klipu, mashine ya kulinda hakimiliki inaidaka, klipu inatoweka, na maelezo yote aliyoyaandika yule shabiki yanakwenda nayo. Kwenye tovuti yake mwenyewe angalau mtu anajua kilipo kisanduku chake.

Halafu kuna hili, linanisisimua kupita kiasi na nalihifadhia video yake. Zile kurasa za maandishi za Ceefax, huduma ya BBC ya habari za kusoma kwenye skrini, zilizoanza 1974 na kuzimwa Oktoba 2012, zilikuwa zinasafiri ndani ya picha yenyewe, kwenye mistari ya juu ambayo televisheni haiionyeshi. Kwa hiyo kanda ya VHS iliyorekodi filamu ilibeba na Ceefax ya jioni ile bila mwenyewe kujua. VHS inaziharibu zile alama, lakini kurasa zilikuwa zinarudiwa rudiwa hewani, basi kompyuta inachukua nakala zote mbovu, inazilinganisha, inapata moja inayosomeka. Matokeo ya mpira, hali ya barabara, bei za safari za likizo za jioni moja ya 1986! Lakini hili nalo linataka kanda nzima. Faili iliyopunguzwa na kubanwa kwa ajili ya mtandao ile mistari ya juu haina tena, imetupwa.

Hukumu yangu, basi. Kusoma, Transdiffusion. Dunia za BBC, The TV Room. Kuzunguka majimbo ya ITV, TV Ark, na mkifika pale msibonyeze klipu fupi kwanza, tafuteni ile ndefu kuliko zote kwenye ukurasa. Ile tovuti ya dunia nene siitaji hata mkinibembeleza, maana aliyeiweka huenda ni mtu mwema na kanda zake ni nzuri mno. Ningepewa dakika kumi naye ningemwomba kitu kimoja: asafishe nakala, arekebishe duara, lakini zile faili alizozitoa kwenye deki mara ya kwanza, na mavumbi yake, na giza lake, aziweke mahali tuzipakue.

Kama una toleo refu la makabidhiano ya Ijumaa kuliko hili langu, nitumie kiungo kabla ya Alhamisi. Nataka kujua yule wa Thames alitabasamu mpaka lini.